Shujaa wa peke yake kwenye riwaya za historia: anatufundisha au anatulewesha?

Kalamu Butu: Nimemaliza riwaya nyingine ya kurasa 900. Vita, falme, farasi, na katikati yuko mtu mmoja asiyesikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Nimeipenda, na hilo ndilo linalonikera. Historia haijawahi kuendeshwa na mtu mmoja, sote tunajua. Sasa mbona tukifungua kitabu tunamtaka huyohuyo? Mimi nasema tunaleweshwa. Na tuambiane ukweli, nusu ya wanaozisifu riwaya hizi hawajafika ukurasa wa 100.

Nyota ya Alfajiri: Hawajafika akina nani? Vita na Amani ya yule Mrusi, Tolstoy, nimeisoma mara mbili, mpaka kule mwisho anakoiacha hadithi na kuanza kuhutubia. Usitupime kwa kibaba chako.

Mzee Kobe: Mara mbili! Haya, tuambie yule jenerali wa Warusi, Kutuzov, alisinzia wapi.

Nyota ya Alfajiri: Kwenye baraza la vita, usiku wa kuamkia Borodino. Swali la mtoto hilo.

Mzee Kobe: Kuamkia Austerlitz, binti yangu. 1805. Borodino ni 1812. Rudia mara ya tatu.

Nyota ya Alfajiri: Sawa, nimekosea vita, maana sijaikosea. Jenerali anasinzia kwa sababu mwandishi anataka uone mipango ya wakubwa ni upepo mtupu. Na mimi si binti yako.

Pwagu: Akalala, na kesho yake wakapigwa. Shujaa wangu huyo, hakujichosha bure.

Kalamu Butu: Mnanisaidia bila kujua. Tolstoy katumia kurasa zaidi ya 1,000 kumshusha Napoleon, aonekane kijiti kinachobebwa na mkondo halafu kinajidai ndicho kinachousukuma. Ukifunga kitabu unakumbuka nini? Unamkumbuka mhusika wake Andrei kalala chali uwanjani, kajeruhiwa, anatazama mbingu. Mtu mmoja! Hata aliyeupinga ulevi huu katumiminia glasi.

Fundi Saa: Mbona jibu liko wazi? Sisi maisha yetu ni kuomba ruhusa asubuhi mpaka jioni. Kwenye riwaya, mtu anasema "sitaki" na karne nzima inageuka kumtazama. Nani hataki hilo hata kwa usiku mmoja? Ila mwandishi Walter Scott alishaonyesha njia nyingine tangu 1814. Shujaa wake, Waverley, ni goigoi, anayumba kati ya kambi mbili, na kwa vile anayumba, wewe unaziona zote mbili. Ukitaka kuielewa historia, mchukue goigoi. Ukitaka kukesha, nipe Dumas, yule Mfaransa wa The Three Musketeers.

Ua la Mkadi: Dumas na upweke wapi na wapi? Wale askari wake ni watatu, na tunayemfuata ni wa nne. D'Artagnan alijipangia kupigana kwa upanga na watu watatu mchana mmoja. Wasingegeuka kuwa rafiki zake, kitabu kingeishia hapo.

Pwagu: Tena hata mwandishi hakuwa peke yake. Nasikia kuna Maquet fulani ndiye aliyeandika kila kitu, Dumas akaweka sahihi tu.

Fundi Saa: Si kila kitu, Pwagu. Maquet alichimba historia na kuandika rasimu, Dumas akazitia roho. Baadaye wakafikishana mahakamani. Maquet akapata pesa, jina kwenye jalada akakosa.

Nyota ya Alfajiri: Kumbe jalada nalo linataka shujaa mmoja.

Ua la Mkadi: Na huyo Tolstoy wenu, miswada alikuwa ananakili mkewe, Sofia, kwa mkono, tena na tena. Kila dume la peke yake lina mtu nyuma ya pazia anayelifulia shati.

Mzee Kobe: Tumeanza na falme, tumefika kwenye mashati. Sasa wanaume wote wa riwaya wana hatia?

Ua la Mkadi: Nimesema mashati, mzee, wewe umesikia mashtaka. Haya, tuchukue Liyongo, jabali kabisa. Kafungwa minyororo, kamtoa nani? Mama kaoka mkate wa wishwa, tupa imo ndani. Saada, kijakazi, kaupitisha mbele ya walinzi, maana mkate mzuri walikuwa wanaula wenyewe. Nje watu wanapiga ngoma na pembe asisikike akikata chuma. Genge zima limefanya kazi, anayesifiwa mmoja.

Mzee Kobe: Ule ni utenzi. Hapa tunajadili riwaya.

Pwagu: Mzee leo kazi yake kuokota makombo.

Nyota ya Alfajiri: La Saada limeniingia. Hiyo ndiyo riwaya ninayoitaka: Saada, kurasa 900, kuanzia anavyotembea na ule mkate huku moyo unamdunda. Liyongo awe sauti tu ya nyuma ya ukuta.

Kalamu Butu: Ndipo uchungu wangu ulipo. Ukishampa Saada kurasa 900, umeshatengeneza shujaa mwingine wa peke yake. Wa kumwokea yeye mkate atakuwa nani?

Mzee Kobe: Nyota, akimaliza kusoma mara ya tatu.

Nyota ya Alfajiri: Mzee, lala. Kutuzov naye alilala.