Jiwe la kaburi lililohama: ulijuaje lilikotoka? Tupeane uzoefu

Mkulima wa Njoro
Wadau, salamu. Uzi huu ni wa wale waliowahi kukuta jiwe la kaburi mahali pasipo na kaburi, kisha wakalifuatilia. Nadharia tuwaachie wengine. Leta yaliyokupata: ulianzia wapi, nani alikufaa, na jiwe liko wapi leo.

Naanza mimi. Ploti yetu ni kipande cha shamba la mzungu lililonunuliwa na wanahisa baada ya uhuru na kugawanywa. Nyuma ya stoo ya zamani kulikuwa na bamba la marumaru ambalo mama zetu walilifulia nguo miaka nenda miaka rudi. Siku tulipolinyanyua ili bomba la maji lipite, tukakuta upande wa chini una maandishi. Herufi zilikuwa za risasi, ile metali laini, na nyingi zilishang'olewa, lakini fundi wa zamani alipotaka risasi ishike alitoboa kwanza vitundu ndani ya jiwe, na vitundu hivyo hufuata umbo la herufi. Nilisubiri giza, nikalaza tochi ubavuni mwa jiwe, vivuli vikajitokeza. Nikapata jina la ukoo na mwaka, 1927.

Hapo nikaingia kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, yaani Kenya Gazette. Limekuwa likichapishwa tangu 1899 na matoleo mengi ya kale yanasomeka mtandaoni. Wengi hulipekua wakitafuta habari za ardhi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye matangazo ya mirathi. Mtu alipofariki akaacha mali, tangazo lilitoa jina lake, alikofia na tarehe, na kuwaita wanaomdai. Wangu alikuwepo, na Njoro ikatajwa. Jina kamili nikalipeleka kwenye hifadhidata ya Europeans in East Africa, ambayo hukusanya habari za walowezi pamoja na makaburi yao. Kumbe kaburi lake liko Nakuru mjini, salama salimini, na lina jiwe jingine lenye majina mawili: lake na la mkewe aliyefariki baadaye sana.

Basi "ni la nani" nilikuwa nimelijibu. "Lilifikaje huku" hakuna karatasi iliyonijibu. Nilijibiwa na mzee mmoja ambaye babake alikuwa mpishi katika nyumba ile: watoto wa marehemu waliweka jiwe jipya la wazazi wote wawili, la kwanza wakalirudisha shambani kwa trekta. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaafikiana kwamba liliibwa makaburini! Sasa limesimama chini ya mparachichi, na mama wamepata karai.

Binti wa Kibuye
Sisi Kisumu mafundi walikuta letu walipokuwa wakichimba mtaro nyuma ya duka la kale. Maandishi ni ya Kigujarati mwanzo mwisho. Kijana mmoja anayejua tarakimu zake akasoma 1981, na hapo ubishi ukaanza, maana jiwe lilikuwa limelika kuliko ukuta wa duka lenyewe. Mwalimu mstaafu wa Kihindi ndiye aliyetutuliza. Mwaka ule ni wa kalenda ya Vikram Samvat, ambayo iko mbele ya kalenda yetu kwa miaka 56 au 57. Kwa Wagujarati mwaka huanza siku moja baada ya Diwali, kwa hiyo miezi ya mwanzoni unatoa 57, na ukishavuka Januari unatoa 56. Mwezi ulioandikwa ni Magh, ambao huangukia Januari au Februari, ndiyo kusema mapema 1925.

Mwalimu akaongeza jambo ambalo lilipunguza kazi nusu. Wahindu huchoma maiti za watu wazima, kwa hiyo jiwe la mtu mzima lenye Kigujarati tuulize kwanza kwa Waislamu: Makhoja au Mabohora. Jina lilifuata mtindo wao, la mtu, la baba, la ukoo, na chini likatajwa Jamnagar, mji wa Gujarat huko India, alikotoka. Wazee wa jamaat, yaani jumuiya yao ya dini, walilitambua jina la ukoo papo hapo. Karatasi za maziko ya wakati ule hazikupatikana, ila mjukuu wa mjukuu aliye Leicester, Uingereza, alikuwa na mti wa ukoo ulioandikwa kwa mkono, na mwaka wa kifo ukalingana. Kaburi lenyewe halikujulikana ni lipi kati ya yale yaliyolala bila alama, hivyo jiwe limeegeshwa kwenye ukuta wa makaburi yao. Nasikia wapo wanaotaka lichongewe kibao cha Kiingereza. Mimi naona libaki lilivyo.

Wa Turbo
Letu lilikuwa kizingiti cha zizi la ng'ombe. Kiafrikaans. Makaburu walishuka treni Nakuru 1908 wakapanda na magari ya ng'ombe hadi Uasin Gishu, na wengi waliondoka karibu na uhuru. Jiwe la mwanamke, lina ukoo wa mume na ukoo wa babake pia, kwa hiyo una milango miwili ya kubisha. Watafiti wa koo wa Afrika Kusini wana maktaba kubwa ya picha za makaburi mtandaoni, nikaandika huko na jamaa zake wakanijibu upesi kuliko nilivyotarajia. Wakaomba picha tu. Jiwe hawakulitaka.

Jaduong' wa Ugenya
Ninyi mna mawe ya wageni. Mimi langu ni la nyumbani, na nusura litupokonye shamba.

Jirani alidai kipande cha ardhi kwa kuwa babu yake kalala pale, na kweli bamba la saruji lilikuwepo, jina limechorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Kwetu kaburi lina nguvu mbele ya wazee, wakati mwingine kuliko hati. Lakini mwenye boma huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake, mke kushoto. Bamba hili la mwenye boma lilikuwa kushoto kwa msingi wa nyumba ya kale. Nikawaambia wazee watazame.

Cheti cha kifo usitegemee. Wazungu walianza kuandikishiwa 1904, lakini sheria ilienea nchi nzima 1971 tu. Nilikwenda parokiani kwenye rejista ya ubatizo. Na jina peke yake halitoshi, kina Otieno tumejaa. Lazima upate baba, babu, ukoo na kijiji. Rejista ikaonyesha mzee huyo na watoto wake wote walibatizwa kutoka kijiji kingine, ng'ambo ya mto. Tulipokwenda huko tukakuta kaburi lililochimbuliwa juu, bila bamba, na shangazi mkongwe wa jirani akatuonyesha kwa bakora. Bamba lilirudi kwa mkokoteni wa punda, na kesi ikafa yenyewe.

Fundi wa Kakamega
Jaduong', heshima kwako. Nami niwachekeshe kidogo: kuna mtu aliniletea picha ya jiwe alilokuta kwenye ngazi za nyumba ya kukodi, anatafuta ukoo wake, amehangaika mpaka kwenye ofisi za nyaraka. Nikalitambua kwa mkono. Ni la karakana yetu! Jina lilikosewa herufi moja, mteja akalikataa, bosi akaliuza kama jiwe la ujenzi. Halijawahi kusimama juu ya maiti yeyote. Kabla hujatafuta wafu, tazama kama sehemu ya chini ina alama ya udongo au saruji ya kusimikia. La kwetu lilikuwa safi.

Mgeni wa Kaloleni
Jamani, ninalo moja hapa Kisumu. Lina beji ya kikosi juu, namba, cheo, halafu jina limeparuzika. Nilisuguesugue kwa brashi ya waya?

Mkulima wa Njoro
Weka chini hiyo brashi, ndugu! Maji matupu na brashi laini, kisha tochi ya pembeni. Pima pia: jiwe rasmi la vita huwa na upana wa kama sentimita 38 na unene wa karibu sentimita 8. Vipimo vikilingana, usilihamishe, iandikie Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, uwape namba ya askari na jina la kikosi kwanza. Jina linaweza kurudiwa na watu wengi, namba ndani ya kikosi ni rahisi zaidi kufuatilia. Na waulize kama kaburi hilo lilishawekewa jiwe jipya, maana yaliyochakaa hubadilishwa. Ukishapima, weka picha hapa.