Karafuu na dawa ya inzi wa embe si kitu kimoja?

MwembeKahe: Wakuu, habari za kazi. Nina miembe kumi na nne huku Kahe, inzi wananimaliza. Mwaka jana jirani alinigawia kipamba cha dawa ya mtego, methili eujenoli. Nikakining'iniza ndani ya chupa ya maji niliyoitoboa ubavuni, hata saa haikuisha, inzi wamejaa kama watu wa mnada. Sasa pamba imeisha nguvu. Nikainusa: karafuu tupu! Nikanunua mafuta ya karafuu pale Mbuyuni, nikaloweka pamba mpya. Siku tatu nimepata sisimizi na nondo mmoja. Shida nini?

FundiMitego: Pua yako iko sawa mkuu. Karafuu imejaa eujenoli, kemikali inayoipa harufu yake. Dawa yako ni hiyohiyo eujenoli, ila kwenye ile pembe yenye oksijeni na haidrojeni, haidrojeni imeondoka, ikakaa methili: kaboni moja, haidrojeni tatu. Basi. Dume la inzi wa embe linaijua tofauti hiyo. Methili eujenoli linailamba, linaigeuza mwilini kuwa manukato ya kumwita jike. Eujenoli tupu haina mvuto huo. Na usijaribu kuigeuza jikoni, kemikali za kazi hiyo ni sumu kali.

MamaTikiti: Mbona mimi nilitega hiyo methili yenyewe shambani kwa matikiti, wale wa kwangu wakapita tu?

FundiMitego: Wa kwako ni mdudu mwingine, dada. Yeye tega kyulua. Hiyo ni ketoni ya raspberi, kemikali ya harufu ya tunda hilo, iliyobandikwa kipande kiitwacho asetati. Ukibandika kipande kingine, fomati, badala ya asetati inavuta zaidi, ila unyevu unaivunja upesi. Ndiyo maana madukani utakuta zaidi ile yenye asetati.

MwembeKahe: Kwa hiyo nikirudisha dawa yenyewe, maembe yamepona?

FundiMitego: Thubutu! Hapo wanakuja madume tu. Jike aliyekwishapandwa anaendelea kutaga kwenye embe lako, wala chupa haimhusu. Majike yanafuata chambo cha protini, maana yanahitaji chakula hicho ili yapate mayai. Halafu maembe yaliyoanguka okota kila siku, fukia chini kabisa. Najua inachosha, ila funza wote wako humo.

MwembeKahe: Nimekuelewa, ubarikiwe. Mafuta ya karafuu mama watoto ameshayachukua, jino linamsumbua.