Naomba ushauri: "septa" inatokana na saba au na ukuta?

Mwanzisha uzi: Wakuu habarini. Naandika maelezo ya Kiswahili kwa wanafunzi wa uuguzi, nimekwama kwenye "septa", zile kuta za kati kama za pua na moyo. Mwenzangu anashikilia kuwa ni saba ya Kilatini, kama Septemba. Nikamuuliza saba ipi, mbona pua ina ukuta mmoja tu? Akanuna. Halafu Kiswahili chake niweke kiwambo, ukuta au kiambaza? Kesho kutwa nachapa.

Babu Msamiati: Maneno mawili yamemgongana sikioni. Saba ni septem, na Septemba ilikuwa ya saba enzi mwaka wa Warumi ukianza Machi. Hili lako ni saeptum, kutoka saepire, kuzungushia ua. Roma palikuwa na uwanja wa kupigia kura, Saepta Julia, jemadari Agrippa aliukamilisha mwaka 26 KK. Kabla ya hapo mahali pale pakiitwa Ovile, yaani zizi la kondoo. Wapiga kura zizini, jamani! Sasa saeptum huandikwa septum: septum ni moja, septa ni nyingi.

Nesi Mstaafu: Kiwambo usiguse, mwanangu. Kiwambo kimewambwa kama ngozi ya ngoma, na tayari tunacho chini ya mapafu. Bana pua yako kwa vidole viwili, isukume kushoto na kulia: mbele inacheza, hiyo ni gegedu, ile tishu ngumu kiasi inayopinda. Panda juu, ni mfupa, haichezi. Moyoni, kati ya ventrikali mbili, vyumba vya chini, kiambaza ni kinene, sehemu kubwa ni msuli. Kati ya atria mbili, vyumba vya juu, ni chembamba. Mama akiambiwa mtoto ana tundu kwenye moyo, mara nyingi ni viambaza hivyo vimetoboka.

Kijana wa Tofali: Shikamoo bibi. Ila kiambaza ni cha miti na udongo, sisi wa mjini tumekuta tofali. Mkuu, andika "kiambaza, yaani ukuta wa kati" pale mwanzo, kisha endelea na kiambaza.

Nesi Mstaafu: Marahaba. Hapo sawa. Na darasani wakatie bamia kwa upana, waone viambaza kwa macho.

Mwanzisha uzi: Nimekata moja sasa hivi, ute umejaa kwenye kibodi. Vyumba vitano! Nimempigia picha mwenzangu, nikamwandikia: hesabu saba yako hapo. Kasoma, kimya.