Uzamili wa uchumi wa biashara au sheria ya biashara ya kimataifa: nichague upi?

Mtazamo: Wakuu, nimekubaliwa sehemu mbili kwa uzamili na natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Kwingine uchumi wa biashara ya kimataifa, kwingine sheria yake. Ndoto yangu ni sera na mtangamano wa kikanda: Arusha kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, au Accra kwenye Sekretarieti ya Eneo Huru la Biashara Afrika. Nishike ipi?

Kipimo: Shahada ya kwanza umesomea nini? Hesabu vipi? Umeshafanya kazi wapi? Bila hayo tutabahatisha tu.

WinoMweusi: Nenda sheria. Mkataba ni maneno, kuanzia kanuni za uasili wa bidhaa (yaani bidhaa ihesabiwe ya nchi gani) mpaka ratiba za kupunguza ushuru. Anayejua kuyaandika ndiye anayesikilizwa mezani.

Kipimo: Na ukivunjwa? Chombo cha rufani cha WTO, Shirika la Biashara Duniani, hakina akidi (wajumbe wa kutosha kusikiliza shauri) tangu Desemba 2019. Aliyeshindwa anakata rufaa, shauri linalala.

WinoMweusi: Majopo ya awali bado yanasikiliza, na Mahakama ya Afrika Mashariki ipo hapo hapo Arusha. Usimkatishe tamaa.

BandariKavu: Niwieni radhi, nitaandika kirefu. Nimekuwa wakala wa forodha miaka sita. Lori letu la mafuta ya alizeti yaliyosafishwa lilikwama mpakani siku nne. Cheti cha uasili kilisema 1512.11, yaani namba ya forodha ya mafuta ghafi. Ankara ilisema 1512.19, ya yaliyosafishwa. Tofauti ni tarakimu moja! Afisa akakikataa cheti, akataka ushuru kamili kana kwamba mzigo umetoka nje ya Jumuiya. Ofisi iliyokitoa ilikuwa imefungwa kwa sikukuu. Dereva analala chini ya lori, mteja anapiga simu kila saa, na Umoja wa Forodha tunao tangu 2005. Wengi wanaotunga sera hawajawahi kukishika cheti hicho. Mtazamo, kaa forodhani mwaka mmoja kwanza, ndipo ukasome.

Mtazamo: Pole sana mkuu, nimekuelewa. Mimi nimesomea uhusiano wa kimataifa. Hesabu niliishia kidato cha nne.

Kipimo: Hilo ungelitaja mwanzo! Uchumi wa biashara ni ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa takwimu, asubuhi na jioni. Ukiutaka, soma takwimu kwanza, la sivyo utateseka.

LughaTatu: Mbona hamtaji Kifaransa? Ni lugha rasmi ya WTO pamoja na Kiingereza na Kihispania, na Kongo ya Kinshasa imeingia Jumuiya 2022.

WinoMweusi: Goma na Bukavu wanafanya biashara kwa Kiswahili. Tukipe chetu heshima kwanza.

LughaTatu: Sokoni sawa. Ila sheria za Kongo zimeandikwa kwa Kifaransa, na huwezi kujadili ushuru wa mtu usiyeweza kusoma sheria yake.

WinoMweusi: Hapo umenena. Lakini wakalimani wapo.

BandariKavu: Mtazamo, hujanijibu la forodha. Hizo nafasi zinaweza kukusubiri mwaka?