Je, raha ni maumivu kuondoka tu? Al-Razi na Ibn Sina

Swali
Wakuu, tabibu na mwanafalsafa Abu Bakr al-Razi anasema raha ni mwili kurudi kwenye hali yake ya asili baada ya kutolewa humo. Sasa harufu nzuri inayokupitia ghafla, wala hukuwa na haja nayo, inaondoa maumivu gani? Na mwanafalsafa Ibn Sina anaachana naye wapi hasa?

Jibu la 1
Al-Razi (alifariki 925) angekuambia maumivu yalikuwepo, hukuyahisi tu. Hali ikiharibika kidogo kidogo haisikiki. Ikirudi kwa mkupuo inasikika yote, nawe unadhani raha imezuka yenyewe. Mfano wake: mtu yuko nyumbani, hana joto wala baridi. Nyumba inashika joto ghafla, anataabika, kisha upepo baridi unaingia. Anaburudika mpaka mwili utulie, kisha burudani inakwisha ingawa nyumba ni ileile. Ndiyo maana kwake kurundika starehe ni kazi bure: ukishashiba, tonge linalofuata ni adha.

Ila kitabu chake kuhusu raha kimepotea. Mfano huo tunao kupitia Nasir Khusraw, mwanafalsafa na mshairi wa Kiismaili, anayemnukuu ili ampinge, na pingamizi lake linafanana na lako: kuona uso mzuri hakudai maumivu yaliyotangulia.

Jibu la 2
Ibn Sina (980–1037), sehemu ya nane ya kitabu chake *al-Isharat*, anasema: raha ni kutambua na kupata kile ambacho kwa mwenye kutambua ni ukamilifu na kheri, kwa jinsi kilivyo hivyo. Wengi huishia kwenye “kutambua”, hapo ndipo wanapoharibu. “Kupata” kunatoa nje taswira tupu ya kitu. “Kwa mwenye kutambua” kunaipa kila nguvu ya nafsi chake: ghadhabu ina ushindi, akili ina maarifa. Na kizuizi kisiwepo; kuna mgonjwa anayekichukia kitu kitamu, na kosa si la utamu.

Kurudi kwenye hali ya asili, basi, ni tukio linaloifanya hisia iamke, kwa kuwa hali iliyozoeleka haihisiwi. Al-Razi kachukua kinachoandamana na raha akakifanya ndiyo raha. Harufu uliyoiuliza haina tatizo hapa.

Jibu la 3
Nakubali, ila mwanatheolojia Fakhr al-Din al-Razi (alifariki 1210) anaibana fasili hiyo pia: kwamba utambuzi na raha huja pamoja hakuthibitishi kuwa ni kitu kimoja. Sijaona jibu jepesi. Na mkikuta “al-Razi” bila jina jingine, tazameni mwaka. Wote wawili ni wa Rayy, mji wa kale huko Iran, ndiyo maana ya “al-Razi”.