Eti kete za bao ni kelele! Huyu bwana amemwekea mzee wetu KIDOLE

Komwe_la_Mkomani

Asalaam aleikum. Salamu fupi, maana nimejaa mpaka kooni na nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Yule bwana wa ile nyumba ya ghorofa inayotazama bahari. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa paa la makuti na mito myeupe juu. Leo baada ya alasiri tumekaa barazani kwetu, baraza waliyokalia babu zetu kabla yeye hajajua Amu (Lamu) iko upande gani wa dunia. Ami yangu anacheza bao. Mkono umejaa kete, anasambaza, tk tk tk, watu wote macho ubaoni. Mara bwana huyo ateremka, kikoi kakifunga kifuani, asimama mbele ya mzee, aweka kidole mdomoni: "Shhhh." Kama mwalimu wa chekechea! Halafu: "Wageni wamelala."

Saa kumi na moja jioni. Wageni gani wanaolala saa kumi na moja jioni, popo?

Mzee wa watu, aliyelea nusu ya mtaa huu, anafanyiwa shhhh kwenye baraza ya babake. Na ami hakujibu. Kete zimebaki mkononi, mkono umesimama hewani. Mimi damu imenipanda mpaka nikaona nyota mchana.

Sasa njooni usiku msikie. Spika za bwana huyo zikianza juu ya paa, besi inatwanga mpaka vikombe vya mamangu vinahama kabati. Kimoja tulikikuta jikoni. Jenereta likiwaka, punda wote kutoka hapa mpaka Langoni wanaitikia. Kanuni za kelele za nchi hii, za mwaka 2009, zinabana usiku kuliko mchana, lakini nani atapanda ngazi zile amwekee yeye kidole? Kete za komwe mchana ni kelele, spika zake usiku wa manane ni utalii. Anayeamua kelele ni ipi ndiye mwenye nguvu, na hakuna siku sisi tuliulizwa.

Ngojeni, sijamaliza. Nimeingia kwenye tovuti yake nitafute namba nimpigie. Ukurasa unaanza kulia wenyewe, sijabonyeza kitu. Mawimbi. Ndege. Halafu tk tk tk. KETE! Zile zile zinazowaamsha wageni! Na picha ya ami yangu imejaa skrini nzima, jina lake halipo, ruhusa hakuombwa, juu yake maneno ya Kiingereza yanasema hapa ni mahali pa utulivu. Kwa hiyo bao likiwa kwenye ukurasa wake ni pambo la kuuzia vyumba, likiwa barazani kwa wenyewe ni fujo.

Lugha za kuchagua: Kiingereza, Kiitaliano, Kifaransa, Kijerumani. Kiswahili hakuna, ukurasa mzima unahusu Amu! Bei kwa dola. Namba ya simu haionekani popote, kuna fomu tu, na kisanduku cha simu kinaanza na +44, ya Uingereza. Nikaandika 07 yangu, kikageuka chekundu, eti namba si sahihi. Nakaa ng'ambo ya kichochoro, nikipiga chafya yeye anasema yarhamukallah, na namba yangu si sahihi! Fomu haijiundi yenyewe. Kuna mtu alikaa akafikiria nani atagonga mlango huu, na sisi hatukumpitia kichwani hata kidogo, ila kwenye picha. Na picha zenyewe nzito, bando limekwisha kabla sijafika chini.

Lakini kidole kile. Wallahi kidole kile.

Langoni_Juu

Pole sheikh. Lakini kidole kimoja umeandika risala, angekupiga kofi si ungetunga utenzi?

Komwe_la_Mkomani

Soma vizuri. Hakuniwekea mimi, amemwekea ami yangu. Mimi angeniwekea mambo yangekuwa mengine.

Langoni_Juu

Na ulikuwepo. Ulifanya nini? Ulikimbilia mtandaoni kwake kutafuta namba 😂 Shujaa wa Mkomani.

BintiShela

Msimcheke, ana haki. Mimi picha yangu iko kwa jirani wa namna hiyo hiyo. Nimeinama nafua, ndoo na povu, wameiweka pale penye kifungo cha kulipia chumba. Nilipomwambia aitoe akaniuliza kama nina barua pepe nimwandikie rasmi. Nimesimama mbele yake!

Nyumbani_Malindi

Nyinyi Lamu mnalia na nini? Njooni Malindi. Menyu Kiitaliano, bango la nyumba za kuuza Kiitaliano, kijana wa ufuoni akikutukana anatukana Kiitaliano. Juzi nimeingia mkahawa mjini kwetu, nikaagiza kwa Kiswahili, mhudumu Mgiriama mwenzangu akanijibu "prego". Kidole ni nini?

Komwe_la_Mkomani

Ndugu wa Malindi, menyu unaweza kuitupa uende kwa mama wa viazi vya karai. Mzee aliyenyamazishwa barazani kwake atakwenda wapi? Alimwekea KIDOLE. Mbele ya wajukuu.

Pedi_Mbili

Mimi nina kibanda cha gemu, nataka kuongeza hapo. Vijana wangu wakicheza mpira mtandaoni wanafungwa kila siku na watu wa Ulaya, na si kwa sababu hawajui. Seva ziko mbali. Unabonyeza shuti, habari inasafiri ng'ambo na kurudi, wakati huo kipa wa mwenzako ameshadaka na anakunywa chai. Aliye karibu na seva anaonekana fundi. Halafu ukitaka kununua kitu ndani ya gemu, wanataka kadi ya benki. M-Pesa hawaijui. Mtangazaji anaongea lugha kumi na kitu, Kiswahili hamna, na wanasoka wetu majina yao anayatafuna mpaka huwatambui. Basi na sisi tulie?

Langoni_Juu

Lieni wote, mimi nimeshaleta kahawa.

Mzee_wa_Pwani

Wanangu, nimesoma. Huyo bwana hana adabu, hilo halina mjadala. Lakini msiseme kwamba sauti kuwa na mwenyewe kumeletwa na wageni. Amu hii hii siwa ya shaba, lile baragumu kubwa, na kule Pate ile ya pembe, hazikupulizwa kwa harusi ya kila mtu. Ilikuwa lazima uwe mtu wa ukoo fulani. Mtumwa hakupigiwa siwa. Na Habib Swaleh, yule sharifu wa msikiti wa Riyadha, alipoingiza matari kwenye Maulidi na kuwakaribisha wanyonge wa mji, waliosema ile ni fujo hawakutoka Ulaya. Walikuwa wakubwa wetu, wenye nyumba za mawe. Leo Maulidi yale yanajaza mji mzima pale Riyadha na kila mtu anajivunia.

Komwe_la_Mkomani

Mzee, shikamoo. Maneno yako nayakubali, na ndiyo yanazidi kuniuma. Walioitwa wenye fujo wakati ule walikuwa na msikiti wa kuwapokea. Ami yangu ana baraza tu, na sasa baraza nayo imewekewa kidole. Tangu mwaka 2001 mji huu ni urithi wa dunia. Kuta zinalindwa, milango inalindwa. Sauti ya mzee anayecheza bao mbele ya mlango huo nani anailinda?

Nahodha_Mstaafu

Swali. Ami yako alipowekewa kidole alikuwa anakula, yaani anateka kete za mwenzake, au anatakata, anasambaza zake tu?

Komwe_la_Mkomani

Kuna tofauti gani? Aliwekewa kidole!

Nahodha_Mstaafu

Tofauti kubwa sana. Kama alikuwa anakula kwenye namua, yaani kete bado zinaingizwa ubaoni, na kete ya mwisho ikaangukia nyumba yake, lile shimo kuu, alikuwa na hiari. Ama alale, asimame hapo, ama asafiri na nyumba, azibebe kete zake aendelee kusambaza. Kama anatakata hana hiari, analala pale pale. Wewe umesema mkono ulisimama na kete ndani. Hakufika popote. Sasa mchezo ulihesabiwa vipi?

Komwe_la_Mkomani

Nahodha, nakuheshimu, lakini huu uzi si wa sheria za bao.

Nyumbani_Malindi

Mchezo unavunjwa. Kete 64 zinakusanywa, mnaanza upya.

Nahodha_Mstaafu

Hakuna kitu kama hicho. Anaendelea alipoachia. Nyinyi Malindi bao mmejifunzia wapi, kwa Waitaliano?

Nyumbani_Malindi

Kwa babangu, aliyewafunga watu wa Amu mpaka wakaacha kupanda mashua kuja kwetu.

BintiShela

Wanaume mmeanza. Mwenzenu kaja na uchungu wake.

Nahodha_Mstaafu

Uchungu tumeuona. Nauliza tu, nyumba ilikuwa na kete ngapi? Ikiwa chini ya sita hiyo si nyumba tena.

Komwe_la_Mkomani

Ilikuwa na nane. Na alikuwa anakula. Angesafiri, na yule mwenzake alikuwa hana pa kutokea. Mumeridhika?

Nahodha_Mstaafu

Subhanallah. Basi huyo bwana kafanya kosa kubwa kuliko ulivyosema.

Nyumbani_Malindi

Nane na bado asafiri? Mimi ningelala.

Nahodha_Mstaafu

Ndiyo maana mnafungwa.

Mama_Abuu

Samahani, huyo wa kibanda cha gemu, kwa saa ni shilingi ngapi? Na mnafunga saa ngapi? Kijana wangu amefunga shule.

Pedi_Mbili

Nitumie ujumbe mama. Ila stima ikikatika saa inahesabiwa.

Mama_Abuu

Inahesabiwaje na hachezi?