Suheli: nani alikuonyesha? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Serahangi (Tanga)
Wakuu, jana umeme ulikatika, nikatoka uani na mwanangu. Akauliza, ile nyota kali upande wa kusini ni ipi? Suheli, nikamwambia. Jina hilo nililipata kwa babu, serahangi wa jahazi. Kwake suheli ilikuwa nyota na ndiyo kusini yenyewe, kama nyota ya jaa ilivyo kaskazini. Wazungu wanaiita Canopus. Nyie mlionyeshwa na nani?

Mtoto wa Lamu
Mie niliaibika. Miaka nikiwaonyesha watu Sirius nikiapa ndiyo Suheli, kwa kuwa ndiyo inayong'aa kuliko zote. Mzee mmoja mvuvi akacheka: "Hiyo i karibu na utosi, mwanangu. Shuka nayo kusini." Nikashuka. Kumbe Suheli ni ya pili kwa mng'ao!

Ticha wa Fizikia
Hiyo ya pili ni kwa macho tu, mkuu. Sirius iko jirani, miaka ya nuru 8.6, yaani nuru yake husafiri miaka hiyo kutufikia. Suheli iko takriban 310, na inatoa mwanga wa jua letu mara 10,000 hivi; upana wake ni kama majua 70 yaliyopangwa mstari. Darasani huwa nawaambia hivi: Waomani waliwatoa Wareno Fort Jesus mwaka 1698. Nuru mnayoiona leo iliondoka huko miaka kumi na kitu baadaye, ndiyo kwanza inafika. Hapo hata wale wa dawati la nyuma huinua kichwa. Na chombo cha Marekani kilichokwenda Mirihi mwaka 1964, Mariner 4, kilishika njia kwa kuitazama Suheli hiyohiyo. Serahangi angecheka.

Bi Mkubwa, Muscat
Huku tunaingoja kama mgeni. Ikifika mwisho wa Agosti watu hutazama kusini kabla ya alfajiri. Iko chini mno, inametameta mpaka unadhani taa ya mashua. Ikishazuka, joto la usiku huanza kulegea. Huanza tu, msije na makoti.

Aliyepotelea Toronto
Mwaka wa kumi na moja huu niko Toronto na sijaiona nikiwa huku. Huku haichomozi kabisa, mwaka mzima. Januari niliporudi Unguja nililala mchangani Paje kuitazama, nikaipiga picha kwa simu nikamtumia mama. Akajibu: "Taa ya nani hiyo?"